Kinga ya kuugua au kinga ya sindano: tuzipime ugonjwa kwa ugonjwa

Jirani yangu ana mtoto wa miezi minane na nusu, juzi kaja kukaa kibarazani kwangu na simu mkononi, akanisikilizisha voisi ya dakika nne inayozunguka kwenye grupu la kikoba chao. Mwanaume anaongea kwa utulivu kabisa, anasema mwili wa mtoto una jeshi lake, ukiuacha upambane na ugonjwa wenyewe unapata kinga ya asili ambayo ni imara kuliko ya sindano, na bibi zetu waliugua surua wakapona wakazeeka vizuri tu. Jirani akaniuliza, "Dada, huyu si anasema kweli? Maana hata mama yangu aliugua surua utotoni na haijamrudia mpaka leo."

Nikamwambia mdogo wangu, kuna maneno ya kweli humo ndani, na ndo maana hiyo voisi inasambaa. Mimi si daktari, ni mhudumu wa afya wa mtaa, kazi yangu kliniki ni kuning'iniza watoto kwenye mzani, kujaza kadi na kujibu maswali ya kina mama kwenye benchi, na hili swali la kuugua kwanza au kuchanja naulizwa kila wiki, kwa hiyo nimeamua niandike ulinganisho wote hapa vizuri, kila upande upewe haki yake, alafu mtu achague akiwa anajua anachagua nini.

Tuanze na mwili wenyewe, maana ukielewa mwili unavyojifunza hesabu zote zinakuwa nyepesi. Ulinzi wa kwanza hauulizi jina la adui. Ngozi, kamasi, machozi, asidi ya tumboni, na wadudu wakipenya hapo wanakutana na chembe nyeupe za damu zinazomeza chochote kigeni kinachokatiza, zinameza mpaka zinafia hapo hapo, ule usaha unaoukamua kwenye kidonda ni maiti za chembe hizo pamoja na bakteria walizopigana nao. Homa nayo ni sehemu ya ulinzi huu, mwili unapandisha joto makusudi kwa sababu wadudu wengi hawazaliani vizuri kwenye joto hilo. Huu ulinzi unaamka ndani ya dakika na masaa, sema hauna kumbukumbu ya maana, akija mdudu yule yule mwakani unaanza naye upya kama mgeni.

Ulinzi wa pili ndo wenye kumbukumbu, na huu ndo tunaougombania kwenye hili swali. Mtoto akijikata unyayo kesho yake unapapasa kinena unakuta kigololi kimevimba kinauma, mtoki. Watu wanadhani mtoki ni ugonjwa, kumbe pale ndo darasani. Kuna seli maalum huko kwenye kidonda inabeba kipande cha mdudu, inasafiri nacho mpaka kwenye mtoki, inakionyesha kwa mamilioni ya seli zilizokaa pale, na kila moja ya hizo seli imezaliwa na umbo lake la kushika kitu kimoja tu. Nyingi hazikitambui. Zile chache zinazokitambua zinaanza kuzaana, zinakuwa maelfu, zingine zinatengeneza antibodi za kumnata mdudu asiingie kwenye seli, zingine zinaenda kuua seli zilizoshaingiliwa. Na CD4 ambazo watu wengi tunazijua kwa sababu ya Ukimwi ndo wasimamizi wa shughuli yote hiyo, ndo maana zikiisha mtu anaumwa kila kitu.

Shughuli hii mara ya kwanza inachukua kama wiki moja mpaka mbili. Hapo ndo penye hatari, maana mdudu hangoji darasa liishe. Ukipona, seli nyingi zinakufa lakini chache zinabaki miaka mingi zikiwa na kumbukumbu ya yule mdudu, akirudi zinamrukia ndani ya siku chache na saa ingine hata hujui kama ulivamiwa.

Sasa, kuugua na kuchanja vyote vinapeleka kipande cha mdudu kwenye mtoki uleule, darasa ni lilelile na seli za kumbukumbu ni zilezile. Watu wanaosema kinga ya chanjo ni ya "bandia" hapa ndo wanapokosea, hakuna dawa inayokaa mwilini ikikulinda, dawa ya chanjo inaondoka, kinachobaki ni seli zako mwenyewe. Tofauti iko kwa anayeletwa darasani. Kwenye kuugua analetwa mdudu mzima mwenye nguvu zake zote na anazaliana huku mwili unajifunza. Kwenye chanjo analetwa mdudu aliyedhoofishwa maabara kizazi baada ya kizazi mpaka hawezi kushamiri kwa binadamu, kama surua, au kipande chake tu kama chanjo ya homa ya ini B ambayo protini yake hutengenezwa kwa kutumia viumbe jamii ya hamira, au sumu iliyozimwa makali kama pepopunda.

Haya, surua. Naanza nayo kwa sababu ndo iliyomleta jirani na ndo ninayoijua kwa uchungu.

Kwanza nimpe mtu wa voisi haki yake. Kinga ya kuugua surua ni ya kudumu kweli. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe huko kaskazini ya bahari ya Atlantiki, ikapiga watu zaidi ya 6,000 kati ya kama 7,800 waliokuwepo, na daktari wa Denmark anaitwa Peter Panum alienda kuchunguza akakuta wazee waliowahi kuugua surua mwaka 1781 hakuna hata mmoja aliyeugua tena, miaka 65 imepita na mwili bado unakumbuka! Sindano moja ikitolewa kwenye miezi tisa inashika kwa watoto kama 85 katika 100, ndo maana kuna ya pili kwenye miezi 18, na ukikamilisha zote mbili unafika kama 97. Kwa hiyo ukiangalia kushika na kudumu kwa kinga tu peke yake, kuugua hakuachwi nyuma hata kidogo, kunaongoza.

Lakini bei yake jamani.

Surua inakuja kama mafua, macho mekundu, kikohozi kikavu, homa kali, alafu siku kama ya nne vipele vinaanza nyuma ya masikio na kwenye paji la uso vinashuka chini mpaka miguuni. Nyumbani tuliugua mimi na mdogo wangu wa kiume wiki moja, bibi akatufungia chumba cha giza, anatuogesha maji ya mwarobaini na kusema vipele vitoke vyote visirudi ndani. Mimi nilipona. Mdogo wangu sikio la kushoto lilianza kutoa usaha, likatoa mwezi mzima, shuka lake upande ule lilikuwa na doa la njano halitoki hata likifuliwa kwa jiki, na mpaka leo ni baba wa watoto watatu ukimwita ukiwa upande wa kushoto hageuki. Yeye anahesabiwa kwenye "walioumwa wakapona". Nimonia ndo muuaji mkubwa wa watoto wenye surua, alafu kuhara, upofu hasa kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A, na kama mtoto mmoja katika 1,000 ubongo unavimba. Kabla chanjo haijaanza mwaka 1963 surua ilikuwa inaua watu kama milioni 2.6 duniani kila mwaka. Mwaka 2023 waliokufa walikadiriwa 107,500, na hao wengi ni watoto ambao hawakuchanjwa au hawakukamilisha.

Wanaosema hayo ni ya zamani waangalie Congo. Ule mlipuko ulioanza 2019, wakati dunia nzima macho yako kwenye Ebola ya Kivu na Ituri, surua ilikuwa inaua watu wengi kuliko Ebola, mpaka mwanzoni mwa 2020 vifo vimeshapita 6,000. Na Samoa, nchi ndogo ya visiwa, mwisho wa 2019 walizika watu 83, wengi wao watoto chini ya miaka mitano, baada ya chanjo kushuka sana.

Alafu kuna hili ambalo nililisikia kwa daktari mmoja kwenye semina nikashindwa kuandika, kalamu nikaiweka chini. Virusi vya surua vinapenda kuingia kwenye seli zipi? Zile zile za kumbukumbu. Yaani vinaingia kwenye maktaba ya mwili vinachoma mafaili. Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, walipimwa damu kabla na baada ya kuugua surua, wakakuta wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za antibodi walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto kaugua mafua, kaugua kuhara, kila ugonjwa mwili umejifunza kwa tabu yake, alafu surua inapita inafuta. Kwa watoto waliochanjwa huo ufutaji haukuonekana. Kwa hiyo yule anayesema "acha augue surua ajenge kinga" anaongelea ugonjwa ambao kazi yake mojawapo ni kubomoa kinga. Ndo ile unakuta mtoto kapona surua mwezi wa tatu, mwezi wa tano nimonia, mwezi wa saba kuhara, watu wanasema kapigwa jicho.

Na sindano nayo ina bei yake, nisiifiche. Kwenye siku ya tano mpaka ya kumi na mbili hivi baadhi ya watoto wanapata homa, na wachache wanapata vipele vidogo vinavyoondoka vyenyewe. Degedege la homa hutokea mara chache sana, kama dozi moja katika 3,000, linatisha lakini kwa kawaida halimwachii mtoto madhara. Mzio mkali ni kama mmoja kwenye milioni, na ndo sababu mnaambiwa mkae kidogo kwenye benchi baada ya kuchanja, msikimbilie bajaji. Ishu ya kwamba sindano ya surua inaleta usonji ilitokana na makala ya daktari wa Uingereza ya mwaka 1998 ambayo jarida lenyewe lililoitoa liliifuta mwaka 2010, na Denmark walifuatilia watoto 657,461 wakatoa matokeo 2019, hakuna uhusiano. Hiyo sitaki hata kukaa nayo sana.

Kwa surua basi mimi sina mizani mbili, sindano, zote mbili, miezi 9 na miezi 18. Na kwa sababu siku hizi ni surua pamoja na rubela kwenye sindano moja, mtoto wa kike unamlinda na watoto wake wa baadaye, maana rubela ikimpata mama mwenye mimba changa mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, kiziwi au moyo wenye tundu.

Kuna magonjwa ambayo ulinganisho hauna hata haja ya kukaa, kwa sababu kuugua hakukupi kinga kabisa. Pepopunda ndo mfano mkubwa na watu wengi hawajui. Sumu ya pepopunda ni kali kiasi kwamba kiasi kinachotosha kukuua ni kidogo mno kuweza kuufundisha mwili, kwa hiyo mtu akiugua pepopunda akanusurika, anatoka hospitali na bado anatakiwa achanjwe maana anaweza kuugua tena. Sasa hapo kinga ya asili unaipata wapi? Haipo. Ndo maana wajawazito wanachomwa sindano ya begani, mama anatengeneza antibodi zinapita kondo kwenda kwa mtoto, na mtoto anazaliwa akiwa tayari na ulinzi kitovu kikikatwa.

Homa ya ini B nayo ni hivyo hivyo kwa namna nyingine. Mtu mzima akiambukizwa mara nyingi mwili unamfukuza mdudu na anabaki na kinga. Mtoto mchanga akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, kati ya kumi kama tisa mwili unashindwa kumtambua kama adui, unakaa naye maisha yote mpaka ini linaharibika au saratani inaanza ukubwani. Yaani umri uleule ambao watu wanasema "aachwe ajenge kinga" ndo umri ambao hajengi. Ipo kwenye ile sindano ya paja ya wiki ya 6, 10 na 14, ile ya tano kwa moja, usiiruke hata moja.

HPV, mdudu wa saratani ya mlango wa kizazi. Huyu ana ujanja wa kukaa juu juu kwenye ngozi laini bila kuingia damuni na bila kuleta homa, kwa hiyo mwili hauoni sababu ya kuitisha darasa, wanawake wengi wanaambukizwa na antibodi wanazotoa ni chache au hakuna. Chanjo inachomwa kwenye msuli, inaonekana vizuri, antibodi zinazotoka ni nyingi kuliko za maambukizi yenyewe kwa mbali. Hapa ni sindano inayoshinda hata kwenye kile kipimo ambacho kuugua kulishinda kwenye surua. Tanzania ilianza 2018 na wasichana wa miaka 14, mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wa miaka 9 mpaka 14. Wazazi wanaogopa ati itawazuia kuzaa, ila kinachozuia kuzaa ni ile saratani yenyewe na kizazi kutolewa.

Ndui ilikuwa kinyume, aliyepona alikuwa na kinga nzito sana, lakini walikufa kama watatu kati ya kumi na waliobaki wengi wakabaki na mashimo usoni, wengine vipofu. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui ya kuambukizwa kawaida alikuwa huku kwetu Afrika Mashariki, Ali Maow Maalin wa Merka, Somalia, Oktoba 1977, mpishi wa hospitali. Alikuwa amekwepa sindano kwa kuogopa maumivu. Alipona, na miaka ya baadaye akawa anazunguka na kampeni ya polio anawasimulia wazazi habari yake ili wachanje watoto. Huyo namkumbuka kila nikikutana na mama anayeniambia mtoto atalia.

Malaria sasa, hapa pagumu, na hapa natofautiana na wale wanaosifia chanjo kwa kila kitu. Mtu aliyekulia Kilombero au Kilifi akapigwa malaria mara nyingi utotoni anapata kinga fulani, akiumwa ukubwani ni kichwa na uchovu, hafi kirahisi. Ila hiyo kinga haizuii kuambukizwa, inapunguza makali tu, kwa sababu mdudu wa malaria anabadilisha protini za nje kama mtu anayebadilisha kanzu kila akitoka mlangoni, mwili ukishaikariri hii anavaa ile. Na ili ufike huko unapita kwenye miaka mitano ya kwanza ambayo ndo malaria inaua watoto zaidi. Alafu inaisha. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanalijua hili, anakaa huko miaka michache, anarudi likizo na imani kwamba "mimi mtoto wa nyumbani malaria hainiwezi," wiki ya pili yuko na dripu.

Chanjo nayo si ya kuzuia kabisa. Ile ya kwanza, RTS,S, ambayo majaribio yake yalifanyika sehemu kama Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Siaya, ilipunguza malaria kwa kama theluthi moja hivi kwa watoto waliopata dozi nne wakafuatiliwa miaka minne. Ikaanza kutolewa kwa majaribio magharibi ya Kenya, Ghana na Malawi mwaka 2019, na 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) likapitisha ya pili inaitwa R21. Kwa hiyo ukiniuliza, kinga ya kuugua dhaifu, kinga ya chanjo nusu nusu, na mimi nachagua chanjo kama imefika unapoishi PAMOJA na chandarua, na mtoto akichemka apimwe siku ileile. Mwenye chanjo akaacha chandarua amerudi palepale.

Tetekuwanga ndo ugonjwa ambao nikiambiwa niuchagulie upande nasitasita. Kwa mtoto mdogo mwenye afya kwa kawaida ni wiki moja ya kujikuna, lotion ya pinki, kucha fupi, basi, na kinga inabaki. Chanjo ipo lakini haipo kwenye ratiba ya bure ya Tanzania wala Kenya, unainunua hospitali za kulipia. Kwa hiyo mzazi ambaye hela yake ni ya kuhesabu simlaumu akiiacha. Mambo mawili tu ayajue. Kwanza mdudu wa tetekuwanga haondoki, anajificha kwenye mishipa ya fahamu, miaka arobaini baadaye anatoka kama mkanda wa jeshi, na aliyewahi kuuona mkanda wa jeshi kwa mzee anajua yale maumivu. Pili, mtu mzima asiyewahi kuugua, na mjamzito hasa, kwake tetekuwanga si mchezo, kwa hiyo kumpeleka mtoto makusudi akacheze na mgonjwa ili "waugue wote tumalize" kunaweza kumfikia dada yako mwenye mimba. Na mtoto mwenye tetekuwanga usimpe aspirini.

Watu watauliza, na njia ya tatu je, ya kuboost kinga? Tangawizi, malimao, kitunguu swaumu, mlonge, vidonge vya kuyeyusha kwenye maji. Kunywa, ni vyakula, mimi mwenyewe chai bila tangawizi siielewi. Ila elewa kwamba malimao hayamfundishi mtoki sura ya virusi vya surua. Lishe kazi yake ni kuwapa seli nguvu ya kufanya kazi, somo lazima lije na kipande cha mdudu mwenyewe. Kwenye lishe kinachobadilisha mambo kweli kwa mtoto ni matone ya vitamini A ya kila miezi sita kuanzia mtoto akiwa na miezi sita, na maziwa ya mama, hasa dang'a, yale ya kwanza ya njano ambayo bado kuna wakwe wanasema yakamuliwe yamwagwe. Yale yamejaa antibodi za mama. Yasimwagwe hata tone.

Na antibodi za mama ndo jibu la swali lingine la jirani, kwa nini miezi tisa na si mapema. Antibodi alizopata mtoto tumboni bado zinazunguka kwenye damu yake miezi ya mwanzo, ukimchanja surua mapema zinawakamata virusi dhaifu wa chanjo kabla hawajafika darasani, somo linakuwa halijafundishwa. Zinapungua taratibu, kwenye miezi tisa nyingi zimeisha na hapo hapo mtoto anabaki wazi. Kuna kidirisha pale, ukichelewa mpaka mwaka na nusu kwa sababu ya safari au uvivu wa foleni, umemwacha wazi muda wote huo, na surua ni ugonjwa ambao mgonjwa akitoka chumbani hewa inabaki na virusi hata masaa mawili.

Kasoro za upande wa sindano ninazoziona kwa macho ni hizi. Chupa ya chanjo ya surua ni ya dozi kumi na ikishachanganywa ikipita masaa sita inamwagwa, kwa hiyo kuna vituo nesi anasubiri watoto wafike idadi ndo afungue, mama katoka mbali kwa miguu anaambiwa rudi Alhamisi, na Alhamisi harudi. Hilo linaniuma na naona kumfungulia hata mtoto mmoja ni bora kuliko kumrudisha. Ubaridi pia, umeme ukikatika chanjo inaweza kuharibika, ila hapa mzazi una kitu cha kuangalia, kwenye chupa kuna duara lenye kimraba katikati, kimraba kikiwa cheupe kuliko duara chanjo ni nzima, kikiwa na rangi sawa na duara au kimekolea zaidi isitumike, na una haki ya kuomba uonyeshwe. Ya matone ya polio, ni kweli kwamba pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa virusi dhaifu wa matone wanaweza kuzunguka mtaani muda mrefu wakapata nguvu tena, hilo lipo na halifichwi, na linatokea kwenye jamii zilizochanja kidogo. Mwisho kuna watoto ambao chanjo za virusi hai haziwafai, wenye kinga iliyoshuka sana kwa mfano, au wenye mzio mkali na dozi iliyopita. Hao ndo wanaotegemea wenzao wachanjwe ili ugonjwa usiwafikie. Kama mtoto wako anatumia dawa za kansa, au ana VVU, mwambie nesi kabla, wapo wanaochanjwa mapema zaidi na wapo wanaosubirishwa.

Jirani alikuja kliniki wiki mbili baadaye. Walikuwa watoto wanne tu, nesi akafungua chupa, jirani akaomba aonyeshwe kile kimraba, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu, nesi akamsubiri. Mtoto kalia kama dakika moja, kanyonya, kanyamaza.

Siku ya nane saa tano usiku kanipigia, "Dada mtoto anachemka, na kuna vipele kifuani." Nikamuuliza ananyonya, ananyonya, anacheza akiamshwa, anacheza, shingo imekaza, haijakaza. Nikamwambia mpe panadol ya maji ya kipimo cha uzito wake, mvue hilo sweta, mnyonyeshe kila akitaka, akikataa kunyonya, akipata degedege au homa ikipita siku mbili tunaenda wote hospitali. Nikamwambia hapo mdogo wangu ndo mtoki unasoma.

Asubuhi nikapita kwake. Homa imeshuka, mtoto kakaa kwenye jamvi kashika kijiko, uji mpaka kwenye nyusi. Jirani kanipa kadi ya kliniki nimwandikie kwa kalamu nyekundu tarehe ya miezi kumi na nane.